Ujumbe Usiojibiwa Katika Simu ya Ofisi

Neema, binti yangu, wiki iliyopita ulinipigia kuniuliza jambo dogo, nami nikakujibu kwa ukali. Nisamehe. Ulisema, "Mama Sekretere, mu ile simu ya biro iko mesaje moja ya zamani, hakuna mutu aliijibu. Tuifute?" Nikasema hapana, nikakata. Sasa nimekaa kitako hapa Kasongo, mihogo imeanikwa, wajukuu wamekwenda shuleni, na hakuna shefu wa kuniita. Nakuandikia wewe na wenzako mnaoanza kazi, mjue kwa nini nilikataa. Kwa sababu ya ujumbe ule mtoto mmoja alipoteza mwaka mzima wa shule, na aliyeuacha bila jibu ni mimi.

Msiogope, sitalia tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi ya ofisi ina vichekesho vyake, na hata hii ya simu tuliianza kwa kuchekwa.

Nilipoingia kazini kule Kabambare nikiwa msichana, kutangaza jambo kulikuwa na mlolongo wake. Shefu anasema, mimi napiga mashini, karatasi nne na kaboni katikati. Shefu anatia sahihi, kisha anagonga muhuri, yaani kashe. Bila kashe karatasi ile ni ya kufungia karanga tu. Moja inabaki kwenye faili, moja inabandikwa ubaoni, moja inakwenda parokiani na moja msikitini. Halafu anaitwa Mzee Amuri, mpiga mbiu wetu, anasomewa mara mbili. Hakuhitaji mara ya tatu.

Mzee Amuri alikuwa na kipande cha chuma cha gurudumu, alichokipiga kwa nondo alfajiri, kabla watu hawajakwenda shambani. Alikuwa na kanuni moja ambayo hata mashefu waliiogopa: jambo la juma lijalo hakulitangaza leo. Shefu mmoja mgeni aliwahi kumlazimisha. Mzee akamtazama, akasema, "Mukubwa, ukimupa mutu tangazo ya siku nane, ataiacha ku shamba pamoja na jembe. Miye natangaza ya kesho. Ya kesho inalala naye." Kwa hiyo miaka yote tuliandika "kesho asubuhi", naye akapita akiimba, "Kesho asubuhi ku biro! Kesho asubuhi!" Watu walikuja. Mtu aliyemsikia Mzee Amuri alimsikia siku ileile, kwa masikio yake, kwa hiyo kesho ilikuwa moja kwa wote. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Simu ilikuja na shefu mmoja aliyetoka semina mjini. Alitukusanya, akainua simu yenye kioo kikubwa, akasema, "Sasa serikali itaingia mfukoni mwa raia." Mimi nikawaza moyoni kwamba huko mfukoni serikali ilishaingia zamani. Lakini nilipiga makofi kama wengine, na kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kupiga mashini, simu ikawa yangu.

Tangazo letu la kwanza kwenye WhatsApp lilikuwa picha. Nilichapa komunike, yaani tangazo lenyewe, shefu akasaini, akagonga kashe, nikaipiga picha juu ya meza nikiwa nimeishika ili upepo usiipeperushe. Kidole gumba changu kilisafiri mpaka kijiji cha mbali cha Wamaza. Siku ya soko nikamuuliza mama mmoja muuza mawese kama tangazo limemfikia. "Limefika, mama. Tuliona kashe na kidole chako. Maneno njo hatukuona." Simu za watu wetu ni ndogo, kioo kimepasuka, na herufi za mashini zikipigwa picha zinageuka kuwa siafu.

Nikajirekebisha, nikaandika maneno yenyewe moja kwa moja bila picha. Sasa wakakataa kabisa. "Hii haina kashe. Nani anajua kama ni weye?" Walikuwa na haki, siku zile kulikuwa na mjanja mmoja aliyesambaza habari kwamba kila mwenye baiskeli aje kuiandikisha, na watu walificha baiskeli zao vichakani juma zima. Basi tukafika mahali pa kuelewana: maneno machache yanayosomeka, picha ya komunike yenye kashe chini yake, na sauti. Sauti ilikuwa ya Mzee Amuri. Nilimwita mchana, akakataa kuongea na simu mpaka aende kuleta chuma chake. Akakipiga mara tatu ndani ya ofisi, shefu akaruka kutoka kitini, kisha mzee akatangaza kama kawaida yake.

Wanangu, sauti ile ilipendwa. Asiyejua kusoma aliisikia, na asiyeamini kashe alimwamini Mzee Amuri. Wakati ule upande wa Wamaza rezo, yaani mtandao, ilikuwa ya kupanda kilima. Motari, yaani hawa vijana wa pikipiki, walipanda, wakapokea, wakashuka, wakaipitisha simu kwa simu sokoni bila kulipia chochote. Nilifurahi mno. Niliona tumemaliza kazi.

Kabla sijafika kwenye kosa langu, nieleze la shefu, maana mtacheka nami nitapumua. Kundi letu la WhatsApp lilifunguliwa kwa namba yake mwenyewe. Siku alipohamishwa, tulikabidhiana viti, kabati, bendera ya akiba na funguo mbili ambazo hakuna mlango unaozijua. Namba hakuna aliyeikumbuka. Akaenda nayo. Kwa miezi mitatu raia wetu waliokuwa wakingoja habari za daraja walipokea picha za bustani yake mpya, mbuzi wake, na harusi ya binti yake ambayo walialikwa wote. Wengine walijibu, "Hongera shefu, na daraja?" Tulilazimika kuanza kundi upya, kuwaomba watu mmoja mmoja. Ndiyo sababu simu uliyonayo, Neema, ina namba ya ofisi, na neno lake la siri liko ndani ya bahasha kwenye kabati. Kila mara watu wanapokabidhiana kazi, namba iandikwe kwenye karatasi ileile ya viti na funguo, na anayeondoka asaini kwamba ameiacha.

Sasa kosa.

Kundi jipya lilikua upesi. Likaja na mambo yake. Asubuhi ukifungua, kuna maua thelathini ya "Bonjour, siku njema", kuna maombi ya makanisa, kuna aliyepoteza mbuzi. Na kuna wenye hasira. Mmoja aliandika kwamba sisi wa ofisini tunakunywa chai tu. Niliyasoma maneno hayo nikiwa na kikombe mkononi, yakanichoma zaidi. Nikamwambia shefu mpya kwamba raia wanatuvunjia heshima, naye akasema nifanye ninavyoona. Nikabonyeza pale panapofanya viongozi peke yao waandike. Kundi likanyamaza kabisa. Nilijiona nimefagia ua, tena nilijisifu mbele ya wenzangu. Waliokuwa na swali wakaanza kuliandika pembeni, kwenye namba ya ofisi, na huko nako nikaacha kufungua, nikidhani ni maua yaleyale.

Mwaka huo ndipo lilipokuja kundi la waandikishaji, watu wa kuandika watoto wasio na karatasi ya kuzaliwa. Kwetu watoto hao ni wengi; mtu anazaa shambani, njia ni mbaya, siku za kuandikisha zinapita, basi. Mwaka huo walimu wakuu walikuwa wamesema wazi kwamba mtoto wa darasa la sita asiye na karatasi jina lake haliingii kwenye orodha ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Waandikishaji walichelewa kwa matope, wakatufikia Jumapili mchana bila taarifa, wakasema wanaanza Jumatatu, wanakaa kwetu siku tatu, kisha Lusangi mpaka Jumamosi, basi wanarudi Kasongo. Nikamwita Mzee Amuri. Chuma kikalia mara tatu. "Kesho asubuhi! Kila muzazi mwenye mutoto hana karatasi, amulete ku biro! Kesho asubuhi!"

Nikatuma. Sikuandika siku, wala tarehe, wala siku ya mwisho, wala habari ya Lusangi. Ndivyo tulivyotangaza tangu nilipokuwa msichana.

Jumatatu walijaa, na Jumanne na Jumatano pia. Alhamisi waandikishaji wakaenda Lusangi, nami nikapumzisha miguu. Jumamosi saa sita mchana nikiwa nafunga dirisha, nikamwona mwanamke amesimama mlangoni, kanga imelowa matope mpaka magotini. Nyuma yake alikuwa msichana wa miaka kumi na mbili au na tatu hivi, ameshika daftari lake la shule ndani ya mfuko wa plastiki ili lisilowe.

"Mama, hodi. Tulikuya juu ya karatasi ya mutoto."

"Karibu. Munatoka wapi?"

"Wamaza, ku ngambo ya mutoni. Ni miye Anyesi. Huyu ni Furaha. Mzee Amuri alisema kesho asubuhi."

"Alisema lini, mama?"

"Tulimusikia siku ya ine. Ramazani, motari wetu, njo alishuka naye ku kilima."

Nilikaa. Ile kesho ya Jumapili ilikuwa imefika Wamaza Alhamisi. Ramazani alikuwa kwenye safari zake siku zote hizo, na hakuna mwingine aliyepanda kilima. Mama Anyesi, aliyelima mpunga na karanga na hakuwahi kuomba ofisi yetu kitu chochote, alikuwa ametembea siku moja na nusu kuja kwenye siku ambayo ilikuwa imekwisha kupita kabla hajaisikia.

Nikafanya haraka. Nilifungua kundi, kila mtu aandike, nikauliza, "Waandikishaji wako wapi sasa hivi?" Nilidhani hakuna atakayejibu, maana niliwafungia miezi. Majibu yalikuja kabla sijaweka simu chini. Muuza chumvi mmoja wa Lusangi aliandika, "Wako hapa, wanafunga madaftari, pikipiki zinawaka." Nikaomba wawazuie. Mwingine akaandika kwamba amewakimbilia. Wale wale niliosema wananivunjia heshima! Motari mmoja wa kwetu akawapakia mama na binti bila kuuliza swali. Wakaondoka, mvua ikawafuata, wakasukuma pikipiki kwenye tope zaidi ya walivyoipanda. Walipofika Lusangi, waandikishaji walikuwa wamengoja, wamengoja tena, wakaondoka kwa kuogopa mto kujaa. Orodha ya shule ilikuwa inafungwa Jumatatu. Furaha hakuingia.

Jumatatu hiyohiyo Mama Anyesi alipita tena ofisini akirudi kwao. Alikuja kunishukuru. Ndiyo, kunishukuru, kwa pikipiki na kwa kujaribu. Nilitamani anitukane. Nikamwambia, "Mama, kosa ni yetu." Akafunga kanga yake vizuri.

"Miye sina maneno mingi. Ile simu yenu iko na mudomo mukubwa, mudomo inafika mpaka kwetu. Masikiyo njo haina." Kisha akamwambia binti, "Furaha, muage mama." Furaha akaniaga kwa adabu.

Walipoondoka nilifunga mlango, nikafungua jumbe zote za pembeni, moja baada ya nyingine. Nilipita maua, nilipita dua, nilipita mbuzi aliyepotea na akapatikana. Katikati nikakuta ujumbe wa Ramazani, wa Alhamisi jioni. Siku ile waandikishaji walikuwa Lusangi, na wangebaki huko siku mbili zaidi. Jibu la maneno matano lingewapeleka moja kwa moja. Nilikuwa na simu hiyo mfukoni Alhamisi jioni, nikipika.

Nililia, wanangu, sioni aibu kusema. Maji yakimwagika hayazoleki. Mwaka uliofuata Furaha alirudia darasa la sita akikaa benchi moja na mdogo wake.

Kundi sikulifunga tena. Mtu akitukana, namjibu kile anachouliza, tusi naliacha lilipo. Ajabu ni kwamba wengi walikuwa na swali chini ya tusi, ukilijibu wanasema aksanti. Yule wa chai alikuwa anataka kujua daraja litaanza lini. Nikamwandikia, "Sijui, nitauliza," na siku ya tatu nikarudi na habari. Kusema sijui hakukupunguza kashe yetu hata chembe. Wenye maua ya asubuhi tuliwafungulia kundi lao la salamu, wakahamia huko kwa furaha, wanachanua mpaka leo. Simu tukaanza kuisoma asubuhi kabla ya chai na alasiri kabla ya kufunga, mtu mmoja kwa zamu, jina lake limeandikwa ubaoni. Akiwa mgonjwa, jina la mwingine linaandikwa. Na jambo likibadilika, tunasema limebadilika. Hatufuti la kwanza kimyakimya, kwa sababu huko kilimani kuna mtu amekwisha kulishusha.

Kazi ngumu ilikuwa Mzee Amuri. Nilimweleza kwamba sasa lazima ataje siku na tarehe, ya kuanza na ya kumaliza, na mahali. Akauma midomo.

"Tarehe haina utamu mu mudomo."

"Mzee, sauti yako siku hizi inatembea siku ine mbele ya kufika."

"Siku ine? Peke yake?"

"Peke yake."

Nikamweleza habari za Furaha, zote. Akachukua chuma chake akaenda nyumbani, nikadhani nimempoteza. Asubuhi alikuja ameshika kalenda ya parokia, na tangu siku hiyo alizitaja tarehe mara tatu tatu, kwa wimbo, mpaka watoto wa Kabambare wakaanza kuziimba wakiruka kamba.

Mwaka uliofuata waandikishaji walirudi. Tulitangaza siku kumi kabla, kisha siku tano kabla, kisha siku ya mwisho kabla ya kuanza: Jumanne, tarehe, mpaka Alhamisi, tarehe, na kama umechelewa nenda Lusangi, na kama hujaelewa uliza hapahapa. Kuuliza si ujinga. Swali la kwanza lilikuja kwa sauti, kutoka simu ya Ramazani, na halikuwa la Ramazani. "Mama Sekretere, ni Anyesi. Ni siku ya mbili, kweli?" Mzee Amuri alikuwa ametoka kuitaja mara tatu. Nilikuwa nakula. Nilinawa, nikamjibu, "Kweli, mama. Siku ya mbili, Jumanne. Nitakuwa mlangoni."

Jumatatu alasiri, siku moja kabla, nilisikia hodi. Furaha alikuwa amerefuka, amempita mama yake kwa kichwa. Mama Anyesi hakutaka kiti. Alisimama palepale aliposimama mwaka uliopita, akaniangalia akicheka kidogo.

"Mama Sekretere, ile kesho yenu imefika?"

"Bado siku moja, mama. Mutalala kwangu."

Wakalala kwangu. Asubuhi Furaha alikuwa wa kwanza kwenye mstari, na karatasi yake niliipiga kashe mwenyewe.

Nilipostaafu nilisafisha simu ile. Nilifuta picha za kidole changu, nilifuta maua, nilifuta mbuzi wa shefu. Ujumbe huo mmoja wa Ramazani niliuacha bila jibu, kwa sababu jibu lake lilikuwa na siku yake, na siku hiyo ilipita. Siku mtakapochoka na raia, na mtachoka, siku mtakapotaka kubonyeza pale pa kuwanyamazisha, fungueni kwanza muusome. Ramazani aliandika hivi:

"Mama Sekretere, Mama Anyesi wa huku Wamaza anauliza, kesho ya Mzee Amuri ni ya siku gani? Ni juu ya egzame ya mutoto. Anangoja jibu yako mbele ya kutembea."

Ramazani aliniambia baadaye kwamba alikaa naye kilimani mpaka giza likaingia, wakiangalia simu. Alfajiri mama akapanda tena peke yake na simu ya kuazima, akaangalia mara ya mwisho. Ndipo akashuka, akamwamsha Furaha, wakatembea.